Nyumba Kati Haikodishwi

Kila asubuhi Mama Mkubwa Swafiya aliugonga mlango wa nyumba yake kwa kiganja, mara moja tu, polepole, kama mtu anayemgusa mwenziwe begani. Kisha akaingia. Hakubisha hodi. Hodi hubisha mgeni, na ile ilikuwa nyumba yake, hata kama siku hizo ndani mlikuwa na vitanda vya chuma na Wazungu walioshikwa na matumbo.

Alikuwa akienda kuchuma asumini. Mti ulikuwa kiwandani, pale uani katikati ya nyumba palipo wazi kwa juu, na aliyeupanda alikuwa mamake. Alichuma maua yaliyofunguka usiku, akayatia katika ncha ya mtandio wake, akapita chumba kwa chumba akitazama boriti kana kwamba kuna aliyetaka kuziiba, halafu akatoka. Mimi nilifuatana naye kwa kuwa mwanamke haendi peke yake mapema hivyo, na nilikuwa nimeshatolewa skuli, kwa hivyo nilikuwa mtu wa kufuatana na watu. Yeye ni dadake mkubwa mama yangu.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Mkomani. Amu, mji ambao wengine huuita Lamu, baba humjengea binti nyumba, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Lakini kwa akina mama yangu kuna jambo moja zaidi. Nyumba huwa ya binti hasa siku anapozaa ndani yake, katika nyumba kati. Hicho ni chumba cha ndani kabisa, nyuma ya vyumba vyote, chenye giza na ubaridi. Humo huzaliwa watoto wa nyumba na humo huoshwa maiti wa nyumba. Siku nyingine zote hukaa kitupu. Hakiwekwi hata gunia la mchele. Mama Mkubwa alimzaa mtoto wake wa kwanza humo, na arubaini ilipokwisha mamake alimpa ufunguo, akajitanda buibui lake, akatoka kwenda kukaa mtaa wa Langoni. Watu walipomuuliza mbona harudi hata kutembea, alisema akirudi ataanza kuonja mchuzi wa watu.

Sasa binti wa Mama Mkubwa aliyebaki ni Mahfudha. Aliolewa na Ridhwani, fundi wa kuchonga milango, wakaenda kutafuta kazi Mombasa. Huko Mahfudha alizaa na mtoto hakukaa. Hakuna aliyekosea, na sikusikia mtu akilaumiwa. Lakini waliporudi Amu, naye ana mimba ya pili, alipofika tu kwetu, kabla hajavua viatu, alimwambia mamake, "Mama, huyu nitamzaa kwetu. Palepale uliponizaa mimi. Kwengine siwezi."

"Utazaa papo," alisema Mama Mkubwa. "Nani wa kukukataza?"

Wa kumkataza alikuwepo, naye ni Bwana Hudson.

Bwana Hudson Wafula alikuja Amu mwaka ule vita vya mashifta vilipowatoa watu katika vijiji vya bara wakakimbilia visiwani. Ndau na Faza na Chundwa kulijaa watu wasio na mtungi wala mkeka. Shirika la misaada lilileta unga, mahema na Wazungu wa kuchimba visima. Unga ulifika vizuri. Wazungu ndio waliotaabika. Jua liliwatoa ngozi, homa za mbu zikawaangusha, na mai ya visima vya zamani yakawashinda matumbo. Basi shirika likataka nyumba Amu mjini iwe kliniki ya watu wake, anayeugua aletwe kwa boti alale, apate dawa, arudi kazini. Bwana Hudson ndiye aliyetumwa kuitafuta. Alikuwa mtu wa Bungoma, mwembamba, shati jeupe siku zote, na kalamu mbili mfukoni ingawa sikupata kuiona ile ya pili ikiandika.

Mahfudha alikuwa bado Mombasa na nyumba imefungwa, ikinuka popo. Mama Mkubwa akakubali kuikodisha, yeye akaja kukaa kwetu, ukuta kwa ukuta. Walikubaliana barazani, mama yangu akiwa shahidi, nami nikipitisha kahawa.

"Nyumba nimekupa," alisema Mama Mkubwa. "Ila nyumba kati. Hiyo haikodishwi."

"Sawa, Mama. Utaweka vyombo vyako humo?"

"Siweki kitu."

"Sawa kabisa, Mama," alisema Bwana Hudson, akanywa kahawa yake.

Hakuwa mwongo. Nimemtazama sana mtu yule na sikumwona akidanganya. Ila kwao chumba kisichowekwa kitu ni chumba kisicho na kazi. Alipoingia akakikuta kitupu, kina ubaridi, na daktari wa shirika aliyekaa Mombasa ameshamwambia wenye homa walazwe penye baridi na giza, akaona ni kama kimewekwa tayari, kikingoja mgonjwa wa homa. Sabule, kile chumba cha mbele ambacho sisi humlaza mgeni mwanamume, akakifanya ofisi yake. Akatia meza na picha ya wanawe, akafurahi.

Asubuhi moja, muda mfupi baada ya Mahfudha kurudi, Mama Mkubwa alikuwa akipita chumba kwa chumba kama kawaida yake, akafika nyumba kati, akasimama. Kitandani alilala Mzungu mrefu, hata miguu ilipita chuma cha kitanda. Huyo ni Bwana Piet, Mholanzi mchimba visima wa Ndau. Kando yake alikuwa Sista Nerea akimfunga mkono kwa kitambaa.

Nerea ndiye muuguzi wa pekee pale. Alikuwa Mjaluo, mwanamke wa kucheka kwa mwili mzima, na alisomea ukunga pia. Kazi ilimpa mshahara lakini si wagonjwa aliowataka. Alikuwa akisema, "Tangu nije Lamu sijazalisha hata paka. Kazi yangu ni kuwapaka mafuta wanaume wenye ndevu."

Mama Mkubwa alimtazama Bwana Piet, akauliza, "Huyu amekufa?"

"Hajafa, Mama. Ana homa tu."

"Basi anazaa?"

Nerea alishika mdomo. "Hazai, Mama."

"Kama hafi wala hazai, humu anafanya nini?"

Nerea alicheka mpaka akakaa kitako juu ya ndoo. Bwana Hudson alikuja mbio kutoka sabule kuona kuna nini, naye hakucheka. Mama Mkubwa alimweleza chumba kile ni cha nini, taratibu, bila kupandisha sauti. Akamaliza kwa kusema, "Mwanangu yuko karibu. Mtoe mgeni, mpeleke sabule. Sabule ndipo pa mgeni mwanamume. Huku ndani kabisa hata mume wangu alikuwa akiingia kwa haya."

"Sabule ni ofisi, Mama."

"Ofisi ni meza. Meza haina homa, hata nje hukaa."

"Mama, hii ni kliniki ya wafanyakazi wa shirika. Daktari ndiye aliyeamua mgonjwa alale humu. Hawezi kuzaa mtu humu asiyekuwa wa shirika, nikiruhusu nitafukuzwa. Na tena, samahani, hapa kuna wagonjwa. Si vizuri mtu kuingia tu. Kuanzia kesho tafadhali ubishe hodi."

Nilidhani Mama Mkubwa atamtolea maneno. Yeye alifunga vizuri ncha ya mtandio isimwage asumini, akasema, "Nitabisha."

Na alibisha. Kesho yake, watu ndio kwanza wanatoka msikitini, alishika pete ya chuma ya mlango akaipiga, na hodi yake ikasikika mpaka kwa muuza mikate. Bwana Hudson akaitika, "Karibu." Mama Mkubwa hakuingia. Mgeni wa heshima haingii kwa karibu moja. Akabisha tena, akakaribishwa tena. Akabisha ya tatu. Alipofunguliwa, akasimama palepale mlangoni akamuuliza Bwana Hudson hali yake, na ya mkewe, na ya wanawe, na ya mamake huko Bungoma, na kama mvua imenyesha kwao, na kila jibu akalishukuru kwa dua. Mtu wa watu alikuwa amesimama na shuka kiunoni, anapepesa macho. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Majirani walianza kufungua madirisha kusikiliza habari za Bungoma.

"Bi Swafiya," alisema Bwana Hudson siku hiyo, "basi ingia tu kama zamani. Nakuomba."

"Umesema mwenyewe," alisema Mama Mkubwa, na akapita kwenda kuchuma asumini.

Lakini mgonjwa alikuwa bado palepale. Homa ya Bwana Piet ilikuwa ya kwenda na kurudi. Mama Mkubwa aliona jambo jingine. Kwetu huwezi kupita nyumba yenye mgonjwa usimjulie hali. Ni aibu, na mgonjwa ana haki yake. Basi akawaambia dada zake, na wake za ndugu zake, na wao wakawaambia wengine, kwamba nyumbani kwake kuna mgonjwa mtu wa mbali asiye na jamaa. Hakusema uongo hapo.

Alasiri wakaanza kuja. Walijaa nyumba kati na mabuibui yao, wakaketi mikekani kukizunguka kitanda, wakamsomea. Waliuliza kupitia kwa Nerea kama mamake yu hai, na kwa nini mtu mzima hivi hana mke. Mmoja alileta uji wa tangawizi, mwengine maji ya ndimu. Mama Mkubwa mwenyewe alileta chetezo, akatia udi juu ya makaa, akamfukizia mgonjwa kila upande mpaka nyusi.

Bwana Piet mwanzo alijivutia shuka hadi kidevuni kama bibi harusi. Siku zilipokwenda akazoea. Alijua Kiswahili cha Ndau kidogo, cha kamba na ndoo na majembe, akawa anawajibu.

"Una wana, Bwana?" waliuliza.

"Sina. Nina visima."

Walimpenda kwa jibu hilo. Bibi mmoja alimwambia visima pia huombea mtu baada ya kufa, kwa hivyo asivunjike moyo.

Bwana Hudson alikuwa akipita mlangoni akikohoa. Nilimsikia akimwambia Nerea, "Hii ni kliniki au matanga?"

"Mgonjwa anakula," alisema Nerea. "Kabla hawajaja alikuwa anatupa chakula dirishani. Ulijua hilo?"

"Hakuna dirisha humo."

"Ndiyo nakwambia, alikuwa anatafuta pa kutupa."

Mahfudha hakuja na wale wanawake. Alikaa kwetu, ukutani, upande wa pili wa chumba kile, akishona. Nikirudi ananiuliza jambo moja, "Ametoka?" Nami humwambia bado. Hakulia. Ila aliacha kushona nguo ya mtoto, akawa anashona kofia ya Ridhwani. Mama Mkubwa aliliona hilo na mimi niliona ameliona.

Siku ilipofika haikumngoja mtu. Baada ya adhuhuri Mahfudha alishika ukuta, akasema, "Mama, mai yametoka." Mama Mkubwa aliweka chini kinu alichokuwa nacho. Hakukimbia. Alimvisha Mahfudha buibui, akachukua mkeka mpya aliokuwa ameuweka juu ya kabati, akaniambia nishike birika. Mama yangu alimshika Mahfudha upande mmoja, yeye mwengine, tukatoka. Kutoka mlango wetu hadi mlango ule ni padogo, lakini Mahfudha alisimama njiani mara kwa mara, akiuma mtandio.

Bwana Hudson alikuwa amekaa kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni. Alituona, akainuka, akajua.

"Bi Swafiya, nakuheshimu kama mamangu. Lakini kliniki hii ni ya wafanyakazi wa shirika."

"Sikuya kliniki," alisema Mama Mkubwa. "Nimekuya kwangu." Akaupiga mlango kwa kiganja, mara moja, kama zamani.

Bwana Hudson alisimama katika ndia. Hakunyoosha mkono kutuzuia, lakini hakupisha. Nadhani alikuwa akiwafikiria wale wanawe wa kwenye picha. Mahfudha akashikwa tena, akainama, na kichwa chake kikawa karibu kugusa shati jeupe la Bwana Hudson. Akamwambia kwa sauti ndogo, "Kaka, nipishe."

Akapisha.

Ndani, Nerea alikuwa ameshatusikia. Alikuwa amefungua breki ya kitanda cha Bwana Piet na anakisukuma, Bwana Piet amekaa juu yake na mto mikononi, wanatoka nyumba kati kama watu wanaohama. Ridhwani aliitwa kutoka karakana yake, akaja na vumbi la mbao kichwani, akashika upande wa pili. Walipofika kiwandani Nerea alisema, "Bwana Hudson, mgonjwa anahamia sabule. Meza yako unaitaka wapi?"

"Daktari alisema penye baridi."

"Mimi nasikia baridi," alisema Bwana Piet, naye jasho linamtiririka. "Naomba sabule."

Meza ikatolewa, ikawekwa kwenye daka. Sisi tukaingia. Mama Mkubwa alitandika mkeka wake, akachoma udi, na chumba kikawa chake.

Mimi sikuruhusiwa kuingia, ni msichana. Nilikaa mlangoni kiwandani, birika mkononi. Nilisikia Mama Mkubwa na Nerea wakizungumza kama watu wanaopika pamoja kwa mara ya kwanza. Huyu anasema kwetu tunafanya hivi, yule anasema na sisi hivyo hivyo ila tunaanza na maji ya moto. Mahfudha nilimsikia pia. Wakati wa alasiri mtoto alilia, sauti nene, na mama yangu akapiga kigelegele.

Halafu kigelegele kikakatika katikati.

Nerea alitoka na mikono miekundu. Alikwenda moja kwa moja kwenye daka. "Bwana Hudson, funguo za kabati la dawa. Damu haisimami. Nataka ile sindano."

Miongoni mwa Wazungu wa misaada walikuwemo wanawake, kwa hivyo kabati lilikuwa na dawa hiyo. Na amri ya kabati ilikuwa moja: la watu wa shirika peke yao. Bwana Hudson alitia mkono mfukoni, ukabaki humo.

Bwana Piet aliita kutoka sabule. "Hudson. Mimi mtu wa shirika?"

"Ndiyo, Bwana Piet."

"Mimi nataka sindano hiyo. Yangu."

"Unajua ni ya nini?"

"Sijui. Nataka."

Bwana Hudson alimtazama, akamtazama Nerea, na mkono ukatoka mfukoni na funguo. Alilifungua kabati yeye mwenyewe. Aliitafuta chupa yeye mwenyewe, akampa Nerea, akasema, "Enda." Kisha alikaa mezani pake kwenye daka, wapita njia wakimsalimu, na hakuna aliyejibiwa vizuri kwa sababu alikuwa anasikiliza ndani.

Damu ilisimama. Mama Mkubwa alitoka kumwambia mwenyewe. Alimletea kahawa, akasema, "Mtoto wa kike. Na mamake amelala, ameomba uji." Bwana Hudson aliuinamia ule mkono wenye kikombe, akasema, "Alhamdulillahi," naye ni Mkristo. Hakuna aliyecheka.

Daktari alipokuja kwa ndege kutoka Mombasa, alimkuta Bwana Piet sabule, amepona, anamtengenezea Ridhwani patasi. Aliuliza nani aliyemtoa penye baridi. Bwana Hudson alisema mgonjwa aliomba. "Ni kweli," alisema Bwana Piet. Kwenye nyumba kati mlango ulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na harufu ya udi na mtoto anayelia. Daktari akasikiliza kidogo, akauliza kama kuna chai.

Bwana Hudson hakuirudisha meza yake ndani. Kwenye daka alipata upepo, na watu wakawa wanamletea habari kabla hazijafika ofisini kwa DC.

Arubaini ya Mahfudha ilikwisha Ijumaa. Wanawake walikuja, mtoto akanyolewa, akapewa jina la bibi yake mzaa mamake, Swafiya. Watu walipokwisha kula, Mama Mkubwa aliingia kiwandani peke yake, akachuma asumini yote yaliyokuwa wazi, safari hii hakuyatia katika mtandio. Aliyamwaga katika sahani akaiweka mapajani mwa Mahfudha. Kisha akawaita Bwana Hudson na Nerea.

"Bwana Hudson, huyu ndiye mwenye nyumba. Ukitaka jambo, boriti ikilia, mtu akitaka kulazwa, muulize yeye. Mimi usiniulize."

"Na nyumba kati?" aliuliza Bwana Hudson, kwa heshima.

"Muulize yeye."

Mahfudha alinyanyua uso kutoka kwa mtoto. "Haikodishwi," alisema.

Nerea alimshika Mama Mkubwa mkono. "Lakini kesho utakuja, Mama. Asumini nani atachuma?"

"Mti hauna miguu," alisema Mama Mkubwa. "Wewe una mikono. Mwanangu akitaka kuniona, Langoni anapajua."

Alitoa ufunguo kiunoni, ule mrefu wa chuma, akaulaza juu ya asumini. Alimbusu mtoto utosini. Akavaa buibui, akanitazama, nikainuka. Tulipopita kwenye daka Bwana Hudson alisimama. Nje, Mama Mkubwa aligeuka akaupiga mlango kwa kiganja, mara moja, safari hii kwa upande wa kutokea.

Tulishuka kwa ndia ya Langoni. Alitembea upesi kuliko kawaida yake, nami nikiwa nyuma nimebeba mto wake na kinu. Hakugeuka, na mpaka leo ninapoandika haya hajaingia tena nyumba ile.